Blanketi Halina Moto

Haya ni mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Eastlands, Nairobi, yaliyofanyika katika ukumbi wa parokia kabla ya miezi ya baridi. Tumeyachapisha ili vikundi vya vijijini navyo viyasome na kuyajadili.



Kabla sijasema lolote nina swali. Ukitandika blanketi kitandani asubuhi, halafu urudi jioni uingize mkono chini yake, utakuta nini? (Sauti: Baridi!) Ndiyo, baridi. Blanketi limelala hapo siku nzima na halikujipasha joto hata kidogo. Lakini wewe ukiingia ndani yake, dakika chache tu unasikia joto. Hilo joto limetoka wapi? (Sauti: Kwa mwili.) Vizuri sana. Blanketi halina moto. Moto ni wako mwenyewe. Kazi ya blanketi ni kuuzuia usitoroke.

Mkishika neno hilo moja, mengine yote nitakayosema leo ni rahisi. Nyumba nayo ni blanketi. Wengi wetu tunadhani baridi ni kitu kinachoingia ndani kama mwizi, kwa hivyo tunataka kukifukuza kwa moto. Mambo hayako hivyo. Joto ndilo linalotoka. Mtu mwenye mtungi uliotoboka akiongeza maji kila saa, atachoka na maji yataisha. Afadhali azibe tundu.

Kwa nini tunasikia baridi Julai

Nairobi iko karibu na ikweta, lakini pia iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki hutuletea hewa yenye unyevu kutoka baharini. Ikipanda huku kwetu inageuka mawingu mazito ya chini. Mnazijua zile siku: unaamka jua halipo, saa sita halipo, jioni halipo. Mchana joto hufika digrii 21 au 22 hivi, na usiku hushuka mpaka 11 au 12, na siku zingine chini ya 10. Wakati huohuo wenzetu wa Mombasa usiku wao ni karibu digrii 20.

Sasa, digrii 11 si barafu. Kuna nchi za Ulaya ambako maji hugandia ndani ya mabomba, na bado watu hulala vizuri, kwa sababu nyumba zimejengwa kwa kushika joto: juu ya dari kuna tabaka nene, na dirisha lina vioo viwili. Sisi tumejenga kana kwamba Julai haipo. Na nyinyi mtakaosoma haya kule Limuru, Kinangop au Molo, mnajua kwamba baridi yenu ni kali kuliko ya Nairobi. Dawa ni ileile.

Joto linatorokea wapi

Kwanza, paa. Hewa yenye joto hupanda. Kwa hivyo joto la mwili wako, la chakula na la taa, yote yanakimbilia juu. Na huko juu linakuta nini? Bati. Wengi wetu kule Mukuru, Korogocho na Kayole tunaishi chini ya bati tupu, bila dari. Bati la geji 30 unene wake ni karibu robo ya milimita. Hata laini ya simu ni nene kuliko hilo. Chuma nacho hupitisha joto haraka sana. Ndiyo maana mchana wa Februari unachomeka ndani ya nyumba, na usiku wa Julai unatetemeka ndani ya nyumba hiyohiyo. Usiku usio na mawingu bati hupoa hata kuliko hewa ya nje, na mvuke wa pumzi zetu ukiligusa unageuka maji. Tunasema "mabati yanatoa jasho". Alfajiri matone yanamwangukia mtoto usoni.

Nyanya yangu, kule kwetu Kangundo, alikuwa na jiko la udongo lililoezekwa nyasi. Nikiwa mdogo nilishangaa kwa nini ndani yake kulikuwa na joto kuliko nyumba ya mabati ya baba. Siri ni kwamba nyasi nene zimeshika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hiyo ndiyo siri ya blanketi, ya sweta, na hata ya manyoya ya kuku. Sisemi turudi kwenye nyasi. Nasema tulipoleta bati tulisahau kuweka kitu chini yake.

Pili, nyufa. Angalieni pale bati linapokutana na ukuta. Kila wimbi la bati linaacha tundu. Angalieni chini ya mlango. Angalieni dirisha ambalo kioo kilivunjika, tukaweka karatasi ya nailoni iliyopasuka. Upepo ukiingia huku, hewa mliyoipasha joto inatokea kule.

Tatu, sakafu. Simenti iliyo juu ya udongo hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mtoto anayelala kwenye godoro jembamba chini ana baridi kutoka chini, hata ukimfunika mablanketi matatu juu.

Nne, ukuta. Hapa wenye nyumba za mawe wasitucheke. Jiwe ni zito, linapata joto polepole na kupoa polepole. Likipata jua mchana, linakurudishia joto jioni. Lakini nendeni mkaone magorofa ya Pipeline kule Embakasi: yamekaribiana mpaka watu wa chini wanawasha taa saa sita mchana. Ukuta usioona jua Juni yote unakuwa baridi kama kaburi, na nguo ukizianika ndani ukuta unalowa na kuota ukungu. Nyumba za Kaloleni za miaka ya 1940 na zile za Buruburu za miaka ya 1970 zina vigae juu, na vigae ni vinene kuliko bati, lakini navyo bila dari havitoshi.

Kosa langu

Sasa nataka kuwaambia jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema mbele ya watu.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, nilimtembelea mama mmoja kwenye ploti ya mabati. Alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo wa miezi minane alikuwa ametoka tu hospitalini na nimonia. Nilipoingia nilisikia upepo ukipita juu ya kichwa changu. Nikamwambia, "Mama, hapa lazima tuzibe." Na sikusema tu, nilisaidia kwa mikono yangu. Tulikata gunia, tukajaza matambara kati ya bati na ukuta, tukaweka zulia kuukuu mlangoni. Nikaandika kwenye kitabu changu cha ziara, "Nyumba imezibwa." Nikaenda zangu nikiwa nimefurahi.

Swali moja sikumwuliza: jiko linalala wapi?

Huyo mama, kama wengi wetu, alikuwa akimaliza kupika anaacha jiko ndani na makaa yake ili watoto wapate joto. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Zile nyufa nilizozichukia ndizo zilizokuwa zikimwokoa. Usiku wa tatu baada ya mimi kuziba, msichana wake wa kwanza, wa miaka kumi, aliamka akitaka kutapika. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akatambaa mpaka mlangoni, akavuta komeo, akaanguka nusu ndani nusu nje. Jirani aliyekuwa akienda chooni ndiye aliyemkanyaga mkono, kisha akapiga kelele.

Waliwatoa wote nje, wakawapeleka hospitali, wakawekewa oksijeni. Namshukuru Mungu, wote wanne wako hai. Nilipofika wodini, mama aliniangalia, akasema, "Madamu, si ulisema tuzibe?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza tu. Nimefanya diploma ya huduma za jamii na nimekaa kazini miaka mingi, lakini swali hilo sikuwa na jibu lake.

Ndiyo sababu leo ninaanza na jiko kabla ya gunia.

Jiko halilali na watu

Makaa yakiungua hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba hewa ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliye usingizini anaweza asisikie lolote. Analala moja kwa moja.

Kuna mambo tunayodanganyana. Tunasema, "Moshi umeisha, sasa ni salama." Hapana! Moshi ni rafiki, kwa sababu unakufanya ukohoe utoke nje. Yale makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu kimya kimya. Wengine husema ukiweka sufuria ya maji juu ya jiko, sumu inaingia majini. Haiingii. Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Hiyo husaidia wakati wa kupika, mkiwa macho na mlango uko wazi. Haitoshi kwa kulala.

Najua mtaniambia, "Nikiliweka jiko nje litaibwa, na makaa ni pesa." Ni kweli. Basi fanya hivi. Ukimaliza kupika, toa jiko nje. Hamisha makaa kwa koleo kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kizuri, na uufunike. Makaa yakikosa hewa yatazima yenyewe, na kesho utayatumia tena. Mkebe ubaki nje. Jiko likiwa tupu na limepoa kabisa, lirudishe ndani. Hakuna hasara.

Mkiamka asubuhi nyumba nzima vichwa vinawauma, na mkitoka nje vinapoa, hiyo si malaria. Ni hewa. Ukimkuta mtu amezirai karibu na jiko, usikae kumpepea humo ndani. Fungua mlango, mvute nje kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali upesi hata akizinduka.

Na stima ya sambaza nayo si njia. Hita ya koili kwenye waya mwembamba uliounganishwa nyumba kumi inachoma ploti nzima.

Kazi za kufanya, kwa utaratibu

1. Kagua. Jioni ya upepo, lowesha kiganja kwa maji, upitishe polepole kandokando ya mlango, dirisha na pale ukuta unapokutana na bati. Mahali unaposikia ubaridi ndipo joto linatokea. Usitumie mshumaa karibu na pazia.

2. Ziba chini, acha tundu la hewa juu. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze matambara, uulaze nyuma ya mlango usiku. Ziba nyufa za ukuta na dirisha. Lakini acha tundu moja la hewa, ukubwa wa tofali, juu ya ukuta mbali na kitanda. Hilo lisizibwe kamwe. Watu wengi katika chumba kisicho na hewa huambukizana kifua kikuu.

3. Weka dari. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu joto jingi hutorokea juu. Mwenye uwezo aweke silingi bodi au mbao. Asiye na uwezo ashone gunia za mkonge pamoja, azitandaze kwa kamba chini ya bati, na kuacha nafasi ya kiganja au zaidi katikati. Hewa iliyotulia hapo ndiyo blanketi. Matone nayo hayatamwangukia mtoto, na Februari mtaona nyumba haichomi. Angalizo: gunia, katoni na mapazia hushika moto. Yasikaribie koroboi, mshumaa wala mahali pa kupikia.

4. Inua kitanda. Godoro lisilale kwenye simenti. Kama hakuna kitanda, tandika katoni kavu mbili tatu na mkeka kwanza, na kila asubuhi uviinue vikauke. Sogeza kitanda shubiri moja kutoka ukutani.

5. Tumia jua. Likitoka hata kwa saa moja, fungua pazia na dirisha, toa blanketi nje. Jua likizama funga pazia. Nguo mbichi zisianikwe ndani mkiweza.

6. Vaa kwa tabaka. Sweta mbili nyepesi hushinda moja nzito, kwa sababu katikati yake kuna hewa. Mtoto mchanga avae kofia na soksi. Kwa mzee, ile chupa ya mpira ya maji moto, ikifungwa vizuri na kuzungushiwa taulo, itapasha kitanda kabla hajalala.

Na mtoto akipumua haraka haraka, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi. Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano hapa Kenya.

Mnajua tayari jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu mnalo jikoni. Lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, linatumia makaa machache kwa nini? Kwa sababu udongo unazuia joto lisitoroke pembeni. Na wale mama waliojifunza kutengeneza kikapu cha kupikia, kile kilichojazwa matambara au majani makavu ya ndizi: sufuria ya wali ikichemka unaiweka ndani, unafunika, na wali unaiva bila moto. Hakuna uchawi. Ni blanketi la sufuria.

Kazi ya kikundi

Mtu mmoja akiambiwa aweke dari, ataona ni mzigo. Kikundi si hivyo. Wazee wa hapa wanakumbuka Dandora ilivyojengwa miaka ya 1970, katika mradi wa Baraza la Jiji na Benki ya Dunia. Watu walipewa ploti yenye choo na bafu, vyumba wakajenga wenyewe. Akina mama wengi hawakuwa na pesa za kumaliza peke yao. Wakaunda vikundi vya ujenzi, wakachanga, wakajengeana vyumba kwa zamu. Yaani vyumba vyao vilisimama kwa nguvu ya kuchangishana. Je, sisi tutashindwa na gunia?

Merigoraundi mnayo. Badala ya kununua vikombe mwezi huu, nunueni dari ya nyumba moja. Anzieni kwa nani? Si kwa mwenyekiti! Anzieni kwa nyumba yenye mtoto mchanga, kisha mzee, kisha mgonjwa wa kifua.

Mwenye kupanga azungumze na mwenye ploti kwanza. Msiende mmoja mmoja, nendeni kama kikundi, na mumweleze faida za dari. Akikataa, dari ya gunia iliyofungwa kwa kamba inafunguliwa, unahama nayo.

Na jambo la mwisho. Kila kikundi kichague watu wawili, waliozoeleka na wasio na mdomo mrefu, watembelee kila nyumba ya wanakikundi kabla ya Juni kuisha. Waingie jioni, wakati wa kupika. Wasiende kuhukumu. Waangalie paa, waangalie kitanda. Lakini kabla ya kugusa ufa hata mmoja, waulize lile swali ambalo mimi sikuliuliza: "Mama, jiko linalala wapi?" Wasizibe kitu mpaka wapate jibu.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, joto linatorokea wapi zaidi?
2. Ni nani kati yetu, au kati ya majirani zetu, anayelala na jiko ndani? Ni nini kinachomfanya alilaze humo, na tunaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?
3. Ni vifaa gani tunavyo tayari bila kununua?
4. Nyumba ya kwanza kuwekwa dari itakuwa ya nani, na lini?